NIMECHOKA! Nimeenda kuazima spana, nimerudi na kidole cha grisi begani

Magurudumu Manne (mleta uzi):

Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka na kioo cha simu kimejaa weusi, nikikosea herufi mnivumilie.

Yule fundi mnamjua. Msijifanye hamumjui. Mwenye mwamvuli uliotoboka, kikopo cha grisi kisicho na mfuniko tangu enzi za Mwalimu, na ile kauli yake ya "niachie mimi". Huyo huyo.

Leo saa kumi nimeenda kwake KUAZIMA SPANA YA 13. Rudieni kusoma. Kuazima. Spana. Nati ya ekseli ya sketibodi yangu imekaza, nilitaka niifungue, nisafishe beringi zangu nane, nitie tone moja moja la mafuta ya cherehani, nirudi zangu kwenye lami. Mafuta nilikuwa nayo mfukoni, kile kichupa chenye mdomo mwembamba. Fundi wa nini?

Simu ya mama ikaita. Nageuka kuipokea, nageuka tena, mtu kashachomoa beringi zote nane. Vifuniko vya mpira kavibandua kwa bisibisi ya kufungulia malori (vile vinatoka kwa ncha ya sindano jamani, SINDANO), na kidole kimeshazama kwenye kikopo mpaka pingili ya pili. Grisi nyeusi, ile ya kupaka habu za Fuso. Na kidole hicho, dakika tano nyuma, kilikuwa kinamega chapati. Mle ndani kuna gololi saba saba, kila moja kama punje ya mtama. Kazizika hai.

Nikamwambia, "Mzee, hizo zinataka mafuta mepesi." Akanitazama. Akazungusha gurudumu, likaenda nusu mzunguko likakaa kama ng'ombe aliyegoma. Akasema, "Kijana, hii si ndege."

Halafu, HALAFU, kile kidole akakipangusia begani kwangu. Fulana nyeupe. Akanipigapiga kabisa, pa pa, kama ananipongeza. "Tayari. Elfu tano."

Wala sijali beringi. Naongopa, najali, ndugu yangu kanibebea toka Dubai. Lakini begani? Mbele ya watoto wanatoka shule? Mmoja alicheka mpaka akakaa chini.

Mods msiunganishe uzi huu na ule wa mafundi friji.

Mtoto wa Tandale:

Siti ya mbele, karanga mkononi.

BiMkubwa Online:

Nimesoma "sketi" nikajua umechaniwa sketi. Kumbe mwanaume mzima una ubao wa kuchezea. Una miaka mingapi baba?

Magurudumu Manne:

31, na hilo halihusiani na KIDOLE.

Mzee wa Guta:

Kwenye kidole kakosea. Kwenye grisi hajakosea sana. Dar hii ina mchanga na hewa ya chumvi, hayo mafuta yako ya cherehani ni ya kurudia kila baada ya siku chache, ukisahau unasikia kwi kwi kwi. Grisi inakaa, inazuia maji, na beringi nyingi zinatoka kiwandani nayo humo humo. Nyie vijana mnapenda kusukuma gurudumu kwa kidole muone litazunguka dakika ngapi. Hapo halijabeba kitu! Lipandie na kilo zako sabini uone kama utajua tofauti. Ila iwe grisi nyepesi, theluthi tu ya nafasi iliyomo. Si kujaza kama sambusa.

Magurudumu Manne:

Mzee wangu shikamoo, alijaza kama sambusa. Halafu akapangusia begani.

Fundi Simu:

Mimi ya mwanangu napuliza lile kopo la bluu na njano lenye kofia nyekundu. Inateleza balaa.

gololi_7:

Umeiua hiyo, mkuu. WD-40 ilitengenezwa San Diego 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma, na jina lenyewe maana yake ndiyo hiyo, mchanganyiko wa jaribio la 40. Inalegeza kutu, inasafisha, na inaosha mpaka mafuta yaliyokuwemo. Siku mbili tatu tamu, baadaye unabaki na chuma kwa chuma. Ukitaka ioshee, kisha tia mafuta yenyewe.

Fundi Simu:

Sasa 1953 na ubao wa mwanangu wapi na wapi.

Kaka Mpole:

Mleta uzi, zako ABEC ngapi? Zangu 9, hazihitaji kitu.

gololi_7:

ABEC inapima usahihi wa vipimo vya chuma. Haisemi neno juu ya mafuta. Hiyo 9 yako ikikauka italia kama panya tu.

Shangazi wa Mbagala:

Msitaje mafuta ya cherehani mbele yangu. Fundi wangu wa nguo, naye mnamjua, kalitia mafuta cherehani lake na papo hapo kalaza gauni langu la harusi ya mdogo wangu. Tone kifuani! Eti "litaonekana kama ua".

BiMkubwa Online:

UA 😂😂 nimemwaga chai.

Mtoto wa Tandale:

Afadhali ua. Bodaboda wangu kapaka mnyororo oili chafu, nimefika kwenye usaili na suruali ya pundamilia.

Magurudumu Manne:

Poleni, lakini hakuna aliyewapangusia begani.

Kaka Mpole:

Nyie hamjakutana na mwenye nyumba wangu. Pangaboi lilikuwa linalia, akapanda kwenye stuli akatia mafuta ya kula. Wiki ya kwanza kimya, nikamsifia. Baadaye yakaganda kama gundi, chumba kikanuka mihogo ya kukaanga, pangaboi likawa linazunguka kama linafikiria.

Shangazi wa Mbagala:

Mwenye nyumba huyo anavaa kofia ya kijani, anatembea na redio?

Kaka Mpole:

Umemjuaje?

Shangazi wa Mbagala:

Ana kodi yangu ya miezi mitatu! Kaniambia nihame kwanza, atanirudishia "wiki ijayo". Hiyo wiki ijayo ina mwaka sasa.

BiMkubwa Online:

Hee! Hebu simulia vizuri.

Magurudumu Manne:

Jamani samahani. Hii grisi inatoka kwa petroli au mafuta ya taa? Na fulana je?

Mzee wa Guta:

Mafuta ya taa, nje, mbali na moto. Loweka, tikisa, pangusa, ziache zikauke kabisa ndipo utie mafuta yako. Fulana ndiyo tambara la kupangusia.

Fundi Simu:

Huyo wa kofia ya kijani bado ana chumba? Natafuta.