Mrejesho: istikhara bila kungoja ndoto

Niliuliza: nimeswali istikhara (swala ya kumwomba Mungu akuchagulie lenye heri) kuhusu kazi ya Muscat, Oman, sijaota chochote, nifanyeje? Ahsanteni mlionijibu. Kosa lilikuwa kungoja ndoto, ambayo wala si sharti. Ni rakaa mbili za sunna, ukishatoa salamu ndipo dua aliyoipokea sahaba Jabir bin Abdullah kutoka kwa Mtume. Ukifika “hadhal-amra”, yaani jambo hili, unaitaja haja yenyewe. Haiswaliwi baada ya swala ya Alfajiri mpaka jua lipande, wala baada ya Alasiri mpaka Magharibi. Kisha unaendelea na shughuli: unauliza wajuzi, unausoma mkataba. Jambo likikwama, dua ilishaomba liepushwe. Wengi (jamani!) huikatisha dua kabla ya “thumma ardhini bihi”, yaani uniridhishe nalo. Asiyeihifadhi anaweza kuisoma kwenye karatasi.