Mjadala: Hegemonia ni ridhaa, au ni ubabe uliovishwa joho?

Mleta mada
Wadau, neno hegemonia, yaani ukuu wa mmoja juu ya wengine, linatumiwa ovyo. Nchi ikiwa na manowari nyingi, hegemonia. Filamu zake zikipendwa, hegemonia. Chama kikikaa madarakani miaka mingi, hegemonia hiyo hiyo. Msimamo wangu: penye hegemonia, anayeongozwa huiona nafasi yake kuwa ya kawaida, hata ya haki. Kukibaki woga mtupu, huo ni ubabe na tuuite hivyo. Antonio Gramsci, mwanafikra Mkomunisti wa Italia, aliyelipa neno maana tunayoijua leo katika madaftari aliyoyaandika gerezani kati ya 1929 na 1935, aliweka uzito kwenye ridhaa. Anayepinga aje na ushahidi.

Mchangiaji wa 1
Mkuu, umemsoma Gramsci nusu. Yeye anasema ridhaa iliyokingwa na nguvu. Alirejea kwa kentauri wa Machiavelli, mwandishi wa siasa wa Italia ya zamani: kiumbe nusu mtu nusu mnyama, ili kuonyesha kwamba mtawala hutumia pande zote mbili. Polisi, mahakama na jela zipo muda wote. Siku za utulivu hazionekani tu. Ukitaka kujua uzito wa kila upande, tazama kinachotokea siku watu wanapokataa.

Mchangiaji wa 2
Na historia inayo siku hiyo. Wagiriki wa kale walikuwa na maneno mawili: *hegemonia*, yaani uongozi wa walio tayari kufuata, na *arkhe*, yaani utawala. Mwaka 478 KK miji mingi iliungana chini ya Athens dhidi ya Uajemi. Kila mji ulichangia meli au fedha, na hazina ikawekwa kisiwani Delos.

Kosa lilianzia kwenye mchango wenyewe. Miji mingi iliona nafuu kutoa fedha kuliko kupeleka vijana wake baharini. Athens ikazitumia fedha hizo kujijengea meli na kufunza mabaharia wake. Kadiri mji ulivyolipa, ndivyo ulivyobaki bila wanamaji, na mlinzi wake akazidi kunenepa. Naxos ilipotaka kujitoa ilizingirwa ikarudishwa kwa nguvu. Mwaka 454 KK hazina ikahamishiwa Athens. Hakuna aliyetangaza kwamba uongozi umegeuka utawala, ila asiyetaka kulipa alijua.

Mleta mada
Mfano huu nimeupokea. Lakini unanipa nguvu: waliokuwa na maneno mawili waliyatenganisha. Kwa nini sisi tuyachanganye?

Mchangiaji wa 3
Kwa sababu ndani ya jamii mpaka hauko wazi kama kati ya mji na mji. Chukueni kiwanda cha magari cha Ford, Marekani, ambacho Gramsci mwenyewe aliandika habari zake. Januari 1914 kampuni ilitangaza dola 5 kwa siku, wakati ujira wa kawaida pale ulikuwa dola 2 na senti 34. Watu walifurika getini. Ridhaa, sivyo?

Sasa tazama jinsi fedha ilivyogawanywa. Ujira ulibaki ule ule. Kilichozidi kiliitwa mgao wa faida, na mgao ulikuwa na masharti. Wakaguzi wa kampuni walikwenda nyumba kwa nyumba: nyumba ni safi? unaweka akiba? unalewa? Aliyeshindwa alikatiwa mgao mpaka ajirekebishe. Wahamiaji walifundishwa Kiingereza, na siku ya kuhitimu waliingia kwenye chungu kikubwa cha maonyesho jukwaani wakiwa na mavazi ya kwao, wakatoka upande wa pili wamevaa Kimarekani, bendera mkononi. Aliyeshika bendera ile alifurahi kweli au aliogopa kupoteza zaidi ya nusu ya pato lake? Nadharia yoyote inayotaka jibu moja hapo inamwonea mtu yule.

Mchangiaji wa 4
Naongeza tahadhari: kimya si ridhaa. James Scott, mtaalamu wa siasa kutoka Marekani, alichunguza wakulima wa mpunga huko Kedah, Malaysia, mwishoni mwa miaka ya 1970. Mbele ya matajiri, maskini walikuwa wapole. Pembeni waliwakejeli, walifanya kazi kwa kujikokota, na mpunga uliibwa gunia moja moja. Walijua wanaonewa, walichokosa ni njia ya kupinga bila kuumia. Mchunguzi anayeishia kwenye hotuba na sherehe ataandika "hegemonia" mahali ambapo pana uvumilivu tu.

Mleta mada
Hapo nimeguswa, na narekebisha hoja yangu. Ridhaa siipimi tena kwa utulivu. Lakini Gramsci alisomea isimu Chuo Kikuu cha Turin, na lugha ndiyo inayonizuia kuiacha ridhaa kabisa. Lahaja ya wenye hadhi huenea hata pasipo askari: mzazi mwenyewe humkataza mwanawe lahaja ya nyumbani ili asichekwe. Hakuna mkaguzi aliyebisha hodi pale.

Mchangiaji wa 1
Mkaguzi yupo, mkuu, ila amekaa kwenye chumba cha mtihani na kwenye meza ya usaili wa kazi. Mzazi yule amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi. Swali ambalo halijajibiwa hapa ni hili: akipata kazi ile ile kwa lahaja zote mbili, bado atamkataza mtoto?