Forester XT (EJ205) inakula oili bila moshi: kweli ni tabo?

MamaKaratu aliuliza:

Habari za jioni wakuu. Nina Subaru Forester XT ya 2005, bodi SG5, injini EJ205 yenye tabo ya kuisukumia hewa, gia otomatiki. Dashibodi inasoma kilomita 138,000. Niliinunua mwaka jana hapa Arusha kwa mtu aliyekaa nayo miaka mitatu, kwa hiyo karatasi ya mnada ya Japani sina.

Kila Jumatatu alfajiri natoka Arusha kwenda kazini Karatu, narudi Ijumaa. Gari inavuta vizuri sana, sina malalamiko hapo. Tatizo ni oili. Inapungua karibu nusu lita kila kilomita 1,000. Moshi wa bluu sijawahi kuuona, hata asubuhi ninapowasha. Ila nikimaliza kupanda ule mlima wa Mto wa Mbu nikasimama kule juu, nasikia harufu ya oili inayoungua, nzito, inaingia mpaka ndani. Wiki iliyopita nikiwa nazunguka kipilefti, taa nyekundu ya oili iliwaka kama sekunde moja ikazima. Nilisimama nikapima. Kijiti kilikuwa kikavu.

Gereji ya kwanza wameniambia tabo imekufa, ninunue nyingine. Ya pili wamesema nitoe injini yote niweke ya mtumba isiyo na tabo, na kwa sasa nitumie oili nzito ya 20W-50. Hiyo oili nimetia, harufu iko palepale. Mimi ni nesi, fedha ya kubahatisha sina. Mwenye kuijua injini hii naomba anieleze kabla sijalipa.

---

FundiBoksa_Moshi alijibu:

Dada, pole na safari. Usinunue tabo bado. Nimefanya kazi kwenye Subaru tangu 2003, na hayo uliyoandika yananielekeza kwingine kabisa.

Anza na jinsi injini yenyewe ilivyokaa. EJ205 ina ukubwa wa cc 1994, silinda nne, lakini pistoni zimelala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto. Hedi, yaani vichwa vya injini vyenye valvu, nazo zimelala, na mifuniko yake, tapeti kava, inatazama matairi badala ya kutazama boneti. Manifodi ya ekzosi inapita chini kabisa ya hedi. Gasketi ya tapeti kava ikikauka kwa umri, oili haina pa kwenda ila kudondokea bomba la ekzosi. Ukitembea taratibu mjini, inakauka kidogokidogo na huoni kitu. Ukipanda mlima na tabo inasukuma, bomba linakuwa jekundu, oili inaungua juu yake, na harufu unaisikia ukisimama kwa sababu upepo umekoma. Hiyo ndiyo harufu yako ya Mto wa Mbu.

Tabo inayokufa ina tabia nyingine. Oili inapita kwenye sili zake inaingia kwenye ekzosi au kwenye intakula (kipooza hewa), na wewe au aliye nyuma yako mtaona moshi wa bluu, hasa ukiacha injini inanguruma gari imesimama dakika tano halafu ukakanyaga. Wewe moshi huna. Kuna na kipimo cha mkono: injini ikiwa imepoa, fundi afungue mpira wa hewa unaoingia kwenye tabo, ashike ncha ya shafti. Kuchezacheza kidogo upande kwa upande ni kawaida, kwa sababu shafti ile inaelea juu ya oili. Lakini ikicheza mbele na nyuma, au mapanga yakiwa yamegusa ukuta wa nyumba yake, hapo ndipo imekwisha. Muulize huyo aliyekwambia imekufa kama alifungua mpira huo. Kama hakufungua, alikisia.

Sasa nije kwenye kinachonitisha zaidi, ile taa. Taa nyekundu ya oili haipimi wingi, inapima presha. Ikiwaka, maana yake kwa sekunde hiyo pampu ilinyonya hewa. Injini hii inabeba lita 4 na ushei tu. Ukipungukiwa na lita moja na nusu, kwenye kona oili yote inakimbilia upande mmoja na bomba la kunyonyea linabaki wazi. Beringi za konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na shafti kubwa, hazina subira na jambo hilo. Nimefungua EJ nyingi zilizonoki (zilizogonga kwa ndani beringi zikiisha), na mara nyingi iliyotangulia kufa ni beringi ya silinda namba 3. Na tabo nayo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Ukiikosesha oili hata kidogo tu, unaiumiza.

Kwa hiyo leo, kabla hujalala, hakikisha oili iko kwenye alama ya juu. Pima gari ikiwa mahali tambarare, injini imezimwa angalau dakika kumi, maana kwenye boksa, injini ya kulala kama hii, oili inachelewa kurudi chini kutoka kwenye hedi. Futa kijiti, rudisha, toa, soma pande zote mbili za kijiti na uamini upande wenye alama ya chini. Fanya hivyo kila Jumapili jioni na kila Ijumaa kabla ya kurudi. Mpaka uvujaji uzibwe, beba lita moja kwenye buti.

Hiyo 20W-50 itoe. Kitabu cha Japani kinataka 5W-30. Kwa joto letu na injini ya umri huu mimi natia 5W-40 ya sinthetiki, nabadilisha kila kilomita 5,000 pamoja na chujio. Injini yako ina mfumo wa AVCS unaogeuza kamshafti (shafti inayofungua valvu) kwa presha ya oili, na kwenye EJ nyingi za namna hiyo kuna vichujio vidogo vya wavu ndani ya bolti za mabomba ya oili, pamoja na njia ya tabo. Oili nzito asubuhi ya baridi ya Karatu inachelewa kufika huko. Oili chafu ni mbaya zaidi, inaziba ule wavu.

Nalisema hili kwa uchungu. Mwaka 2011 nilibadilisha tabo ya mteja mmoja, Subaru Impreza. Ile ya zamani ilikuwa imesagika. Nikafunga mpya, sikuosha njia ya oili wala sikufungua sampu, bakuli la oili la chini. Vyuma vilivyosagika vilikuwa bado mle ndani. Baada ya wiki tatu tabo mpya ikafa, na mwezi uliofuata injini ikanoki. Nililipa mimi. Tangu siku hiyo sifungi tabo bila kujua ya kwanza iliuawa na nini.

Kuhusu kuweka injini isiyo na tabo: utagusa waya, kompyuta, ekzosi, gia, na mwisho utakuwa na gari nzito isiyopanda mlima. Injini uliyo nayo si dhaifu. Ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 220. Januari 1989 Subaru Legacy zenye EJ20 ya tabo zilikimbizwa kilomita 100,000 kwenye uwanja wa majaribio Arizona, Marekani, karibu siku 19 usiku na mchana, wastani wa kilomita 223 kwa saa. Familia hiyo ya injini ilitengenezwa kwa miaka 30 na zaidi. Ikipata oili safi ya kutosha, inaishi.

Fanya hivi: ioshe injini, endesha siku mbili, kisha ipandishwe juu na utazame mwenyewe kwa tochi chini ya hedi zote mbili. Toeni pia plagi. Kama kuna oili kwenye matundu ya plagi, sili za tapeti kava zimekwisha. Halafu fungua boneti utafute kibandiko cha taimingi belti, ile inayozungusha kamshafti, Wajapani hukibandika. Niandikie unachosoma.

---

Kijana_Tegeta alijibu:

Fundi nakukubali, ila mimi naona dada afanye na maboresho kabisa akiwa gereji. Aweke ile valvu inayotoa hewa nje, na presha ya tabo iongezwe kidogo. Yangu nimefanya, inaruka.

---

FundiBoksa_Moshi alijibu:

Mdogo wangu, kwa gari hii sikubali. Kompyuta ya EJ205 inapima hewa pale mwanzoni, kabla haijafika kwenye tabo. Hewa iliyokwishapimwa ukiitoa nje, kompyuta inamwaga petroli ya hewa ambayo haipo tena. Kila ukiachia pedali mchanganyiko unazidi petroli, plagi zinaungua. Valvu ya kiwandani inairudisha ndani kwa sababu hiyo.

Presha ndiyo hatari kubwa. Injini hizi zilipangiwa petroli ya oktani (uwezo wa kutolipuka mapema) ya juu ya Japani, ambayo kiwango chao kinataka isipungue 96, wakati ile ya kawaida ya huko inaanzia 89. Ukiongeza presha bila mtu anayejua kupanga kompyuta, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati na pistoni inapasuka kwenye kingo za ringi. Ukiendelea na yako, nakuomba ukaipime kwanza. Usisubiri iseme yenyewe.

---

Ngong_Forester alijibu:

Salamu kutoka Nairobi. Nina SG5 kama hiyo, kilomita 211,000, injini haijawahi kufunguliwa chini. Yangu pia ilipoteza oili, mekanika watatu wakaitaja tabo, kumbe ni gasketi za tapeti kava na ule mpira mfupi wa kurudishia oili kutoka kwenye tabo. Mpira ulikuwa mgumu kama plastiki. Dada, ukifungua, badilisha na huo, bei yake ni ndogo.

Kwa oili natofautiana na fundi kidogo: mimi natumia 5W-30 mwaka mzima na sijaona shida, lakini huku kwetu kuna baridi. Na angalia spea. Niliuziwa gasketi kwenye boksi zuri sana, zikavuja baada ya miezi miwili. Sasa napima unene na ulaini dhidi ya zile za zamani kabla sijalipa.

---

MamaKaratu alijibu:

Nimerudi, na asanteni sana. Jumamosi nilisimama chini ya gari na tochi kama fundi alivyosema. Hedi ya kulia imelowa yote, na bomba la ekzosi chini yake lina ukoko mweusi. Ya kushoto ina unyevu tu. Plagi mbili za kulia zimetoka na oili kwenye nyuzi. Mpira wa tabo ulifunguliwa mbele yangu, shafti nimeishika mwenyewe: inacheza kidogo upande, mbele na nyuma haiendi. Mapanga ni mazima.

Oili nimebadilisha, 5W-40, na gasketi nimeagiza pande zote pamoja na huo mpira mfupi wa Ngong_Forester.

Kibandiko nimekiona, kiko kwenye kava la taimingi. Kimeandikwa kwa Kijapani, tarakimu ninazosoma ni 98,400 na kando yake 26, halafu 5. Nikafurahi kwamba bado nina kilomita 60,000 mbele. Nimeelewa sawa?

---

FundiBoksa_Moshi alijibu:

Dada, umefanya kazi nzuri kuliko gereji zote mbili. Lakini hapo kwenye kibandiko usifurahi. Hiyo 26 ni mwaka kwa hesabu ya Wajapani, Heisei 26. Unajumlisha 1988, unapata 2014. Kwa hiyo belti ilifungwa Mei 2014. Kilomita imetembea kama 40,000 tu, ni kweli, na Wajapani huibadilisha kwenye 100,000. Ila ni mpira, na una zaidi ya miaka kumi kwenye joto. Kwenye injini hii belti ikikatika valvu zinagonga pistoni, kamshafti nne kwa pamoja.

Kama aliyekuuzia hana risiti ya kuibadilisha hapa Tanzania, hesabu haijabadilishwa. Agiza belti, puli zote, tenshena inayokaza belti na pampu ya maji, vifungwe siku moja na hizo gasketi, maana mbele itakuwa imeshafunguliwa. Jumatatu hii panda basi kwenda Karatu. Gari iache nyumbani.

---

MamaKaratu alijibu:

Nimempigia aliyeniuzia. Hakuwahi kubadilisha. Tiketi ya basi nimekata, la saa kumi na mbili asubuhi.