Stabilaiza ya basi dogo: tuweke nene, bomba, au tubaki na kipimo cha kiwandani?

FundiArua
Habari zenu ndugu. Gereji yangu iko Arua, Uganda. Mwaka huu nimefungua stabilaiza tatu za mbele zilizovunjika, yaani zile fimbo za chuma zinazounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili bodi isilale kwenye kona. Zote ni za mabasi madogo yanayokwenda vijijini kwenye marram, barabara za changarawe zisizo na lami. Zimekatika palepale: kwenye kiwiko, pale fimbo inapokunja kuelekea gurudumu. Ya kiwandani ina unene wa milimita 24. Nataka kutengenezesha mpya Kampala. Mteja anang'ang'ania 28 ili isivunjike tena, mwingine ananiambia bomba, yaani fimbo yenye uwazi ndani. Mngechagua ipi?

BintiSpringi
Fundi, mteja wako anachanganya ugumu na uimara. Ugumu wa kujisokota hufuata unene uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne, kwa hiyo 28 dhidi ya 24 ni karibu asilimia 85 zaidi. Lakini gurudumu moja likipanda tuta, fimbo nene husokotwa kwa pembe ileile, na mkazo kwenye ngozi yake, yaani uso wa nje, hupanda sambamba na unene, yaani asilimia 17 hivi. Chuma huanza kuchoka kwenye ngozi. Hiyo 28 inaweza kukatika mapema zaidi, tena ikiwa imeshamaliza linki, vile viungo vya kwenye ncha zake, na mabano yanayoishika kwenye chasisi.

Mzee wa Katwe
Hapa Katwe, mtaa wa mafundi Kampala, tunakunja chochote, ila niseme kweli: ukiniletea nondo ya ujenzi nitakupa umbo la stabilaiza, si stabilaiza. Tafuta chuma cha springi, mfano daraja la 5160. Kipashwe moto hadi karibu nyuzi 850, kizamishwe kwenye mafuta, kisha kipashwe tena kama nyuzi 450 ili kipate unyumbufu. Na iliyokatika msiichomelee, nawasihi. Pembeni ya weldi chuma huwa kigumu cha kuvunjika kama kioo. Niliwahi kumkubalia dereva aliyeniomba; haikumaliza mwezi.

Dereva_Kasese
Mimi niliiondoa kabisa kwa miezi miwili. Kwenye marram gari likawa laini, maana kila gurudumu linafuata shimo lake. Lakini kwenye kona za mlimani, mizigo ikiwa juu, bodi ililala mpaka abiria wakapiga kelele. Nimerudisha.

FundiArua
Kuondoa siwezi, hawa wanabeba watu. Na bomba je?

BintiSpringi
Hesabu yake ni tamu. Bomba la nje 26 na ukuta wa 4 linaipita fimbo ya 24 kwa ugumu asilimia 6, na uzito unapungua karibu asilimia 39. Shida iko ndani. Kiwandani fimbo hurushiwa vipira vidogo vya chuma kwa kasi, ngozi ikabanwa, ufa ukakosa pa kuanzia. Ndani ya bomba kazi hiyo ni ngumu, na maji yakipenya, kutu inakula usikokuona. Kwenye gari dogo la lami ningelifikiria. Kwa basi la marram, kilo mbili tatu unazookoa hazinishawishi. Ningebaki na 24, nikashughulikia kiwiko. Hebu tazama vile vipande: ufa umeanzia upande gani?

Mzee wa Katwe
Tazama na bushi, mwanangu, ile mipira inayoishika fimbo kwenye chasisi. Mchanga ukishaingia kati ya mpira na chuma, unasaga rangi kama msasa. Zile zilizogandishwa kwenye fimbo moja kwa moja haziruhusu mchanga kuingia.

FundiArua
Nimeviosha vyote vitatu kwa petroli. Ufa umeanzia upande wa ndani wa kiwiko, penye vijishimo vya kutu, rangi imepigwa na kokoto. Chini ya bushi kuna mchanga mwekundu na chuma kimelika, ila hapo haijakatika. Kiwiko cha sasa kina nusu kipenyo cha milimita 40. Nimepima nafasi hadi mkono wa chini wa gurudumu; mkunjo mpana zaidi, wa 60, unaingia bila kugusa. Basi ni 24, 5160, kiwiko cha 60, bushi za kugandishwa. Mzee, hapo Kampala nani ana mashine ya kurusha vipira?

Mzee wa Katwe
Njoo na kipande kimoja kilichovunjika. Nitakupeleka mwenyewe.