Hampi siku moja kutoka Bengaluru: tutauona mto na mahekalu?

BintiPangani:
Habarini wadau. Tuko watatu, tunasoma hapa Bengaluru, kusini mwa India, na tuna siku moja tu ya kupumua kabla ya mitihani. Tumepanga kwenda Hampi, yale magofu ya mji wa kale, na begi moja moja la mgongoni, tulale kwenye treni kwenda na kurudi. Wakala mmoja ametutumia ratiba ya vituo kumi na vinne kwa bajaji, hata kuisoma kunachosha. Mimi shida yangu ni mto Tungabhadra, yale majabali, na mahekalu yaliyo ukingoni, basi. Siku moja inatosha? Na sisi wawili tunavaa hijabu, mahekaluni tutaingia? Chakula je?

KitandaChaJuu:
Dadangu, inatosha, ila hiyo ratiba ya wakala irudishe ilikotoka. Nimesoma huko miaka, na kila mgeni kutoka Mombasa nilikuwa nampeleka Hampi kwa njia moja: kwa miguu, kando ya mto.

Treni ya Hampi Express inatoka Bengaluru saa nne usiku hivi na kufika Hosapete, mji wa karibu na Hampi, asubuhi. Toka stesheni, panda basi la kawaida hadi Hampi, kama kilomita 13. Wenye tuktuk watakwambia basi hakuna. Lipo. Mabegi yaacheni kwenye nyumba ya wageni kule kijijini, wanachukua pesa kidogo.

Anzeni na Virupaksha. Hilo ni hekalu hai, watu wanasali humo hadi leo, kwa hiyo viatu mnavua na mabega mnafunika. Hijabu haina neno, hakuna atakayewauliza. Mkiwahi asubuhi mtamkuta ndovu wa hekalu, Lakshmi, akiogeshwa mtoni. Kisha nendeni nyuma kabisa, kuna kijichumba cha giza chenye kitundu ukutani. Mwanga unaopita pale unaichora picha ya mnara wa lango ukutani, kichwa chini miguu juu. Mnara wenyewe una urefu wa karibu mita 50 na uko mbali kidogo, lakini pale umejaa kwenye ukuta wenye masizi, unauona mpaka ncha zake. Wenye haraka wote hupitwa na kitu hicho.

Toka hapo fuateni soko la zamani hadi mwisho, mshike njia ya mtoni. Hapa ndipo penye Hampi yenyewe. Kulia majabali yamepandana, mengine ungeapa yataanguka leo, kushoto maji. Mtapita Kodandarama, hekalu dogo linalotazama mto, na hapo ngazi za mawe zinashuka mpaka majini. Wenye mashua za duara huwa hapo. Mashua yenyewe ni kama ungo mkubwa uliopakwa lami, haina mbele wala nyuma, na mpiga kasia akitaka kuwachekesha anaizungusha. Pataneni bei kabla hamjatia mguu.

Mkiendelea mtaona lango la nguzo mbili za mawe lenye boriti juu. Wanasema mfalme alikuwa akipimwa pale kwa dhahabu, kisha dhahabu inagawiwa makuhani. Mbele kidogo ni hekalu la Vittala, na hapo ndipo mfuko unapolia: mgeni rupia 600, Mhindi 40. Lipeni tu. Lile gari la mawe mnalijua tayari, liko nyuma ya noti ya rupia 50. Nguzo za hekalu zinatoa mlio zikigongwa, ila kuzigonga ni marufuku, na walinzi hawana mzaha.

Hampi ulikuwa mji mkuu wa dola ya Vijayanagara, ya wafalme Wahindu. Dola ilianzishwa mwaka 1336, na mji ukavunjwa mwaka 1565 baada ya jeshi lake kushindwa na masultani wa jirani, Waislamu, katika vita vya Talikota. Msiende mkidhani ni hadithi ya Wahindu na Waislamu tu, jeshi la mfalme lilikuwa na Waislamu wake. Msikiti wa Ahmad Khan, afisa wa mfalme Devaraya wa Pili, upo mpaka leo kando ya barabara ya Kamalapura. Mkipata nafasi mpite.

Chakula msijali, kijijini kwenyewe nyama haipikwi wala pombe haiuzwi. Ni wali, dengu na mboga kwenye jani la mgomba.

Mpanda_Majabali:
Kaka kasema vyema lakini ng'ambo ya mto kaisahau! Kijiji cha Anegundi na mlima Anjanadri, wanakosema Hanuman, mungu wa Kihindu mwenye umbo la nyani, alizaliwa. Ngazi zaidi ya 500, na ukifika juu mto wote uko chini yako na mashamba ya mpunga. Ila tumbili wa kule ni majambazi, ukishika ndizi wanakupokonya.

KitandaChaJuu:
Sikusahau, nimewahurumia. Kwa siku moja chagua upande. Ukienda Anjanadri juu ya yote hayo utairudia ile ratiba ya wakala, tofauti ni kuwa hii umejipangia mwenyewe. Wakitaka kupanda, wapande kilima cha Hemakuta jioni, ni hatua chache tu kutoka Virupaksha.

Mpanda_Majabali:
Hapo sawa. Ila dada, mnakwenda mwezi gani? Mvua zikikolea wanafungulia maji ya bwawa la Tungabhadra, mto unajaa na mashua zinazuiwa. Aprili na Mei nayo ni jiko, yale mawe yanakuchoma mpaka usiku.

BintiPangani:
Mwisho wa Novemba. Asanteni sana, kaka zangu. Wakala nimeshamwambia hapana, kanijibu "mtapotea". Swali la mwisho: ile njia ya mtoni ina maji ya kununua?

KitandaChaJuu:
Kuna wauza madafu wachache karibu na Vittala, katikati usitegemee. Bebeni lita mbili kila mtu. Na kabla giza halijaingia muwe mmesharudi kijijini, njia ile haina taa. Treni ya kurudi inapita Hosapete saa tatu usiku hivi, kwa hiyo saa moja na nusu muwe kwenye basi.