Binti yangu wa miaka 12 anataka tuangalie Star Trek pamoja. Nimwanzishie wapi?

mtazama_anga
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wenu.

Mimi ni mpenzi wa Star Trek, ile tamthilia ya televisheni ya safari za anga, tangu sekondari, enzi za mikanda ya video kwa mjomba. Ilianza kurushwa Marekani Septemba 1966 na hadi miaka hii wameendelea kutengeneza mpya. Mwenzangu wa kuangalia alikuwa mke wangu. Alifariki 2021, na tangu siku ile sijagusa hata moja.

Mwezi uliopita binti yetu alikuta diski za zamani kabatini, akaniuliza, "Baba, hizi ndizo mlikuwa mnaangalia na mama?" Nikamwambia ndizo. Akasema na yeye anataka.

Nikaanza na zile za 1966, kwa mpangilio. Ya kwanza akavumilia, ya pili akasinzia, ya tatu akaniaga anakwenda kulala saa mbili usiku. Naogopa nikikosea tena ataichukia moja kwa moja. Na bando si la kuchezea, siwezi kupakua misimu yote kwa kujaribu tu. Wajuvi nisaidieni, hapa Morogoro sina wa kumuuliza.

Kamanda_Kurasini
Pole sana mkuu kwa kuondokewa na mwenzio.

Mwanzo achana nao kwa sasa. Nenda The Next Generation, ya 1987 hadi 1994. Ina sehemu 178 za kama dakika 45, yaani zaidi ya saa 130, lakini nyingi zinajitegemea, kwa hiyo unachagua. Msimu wa kwanza uruke, haujakaa sawa. Msimu wa pili chukua "The Measure of a Man". Data, ofisa ambaye ni roboti, anafikishwa mbele ya jaji iamuliwe kama ana haki ya kukataa kufunguliwa vipande vipande, au ni mali tu ya jeshi. Rafiki yake mwenyewe, Riker, analazimishwa kusimama upande wa mashtaka. Kuna mahali Riker anaunyofoa mkono wa Data mbele ya wote kuonyesha kwamba ni mashine. Mwangalie binti usoni hapo.

mamaNyota
Kaka, mimi za 1966 nazitetea. Mtoto alichoka kwa sababu hakuna aliyemwambia anatazama nini. Mwambie kwanza habari za Uhura, ofisa mawasiliano. Jina lake limetokana na neno letu *uhuru*. Nichelle Nichols aliyemwigiza alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, na Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Huko Chicago kulikuwa na msichana akimtazama, Mae Jemison. Mwaka 1992 akaenda angani, mwanamke mweusi wa kwanza kutoka Marekani, na mwaka uliofuata akaigiza kidogo kwenye The Next Generation. Binti yako akishayajua hayo, zile seti za zamani atazitazama kwa jicho jingine.

Ticha wa Songea
Mkuu, pakua moja tu: "Darmok", msimu wa tano wa The Next Generation, ya 1991. Kama bando linatosha sehemu moja, iwe hiyo.

Kuna watu wanaitwa Watamaria. Mashine ya kutafsiri inafasiri kila neno lao, lakini hakuna anayewaelewa, kwa sababu wanazungumza kwa visa vyao vya kale. Wanataja tu jina la mtu, mahali na lililotokea, basi. Nahodha wao anamchukua Picard, nahodha wa chombo cha The Next Generation, hadi sayari isiyo na watu, ameshika majambia mawili, anamrushia moja. Picard anadhani anaitwa kupigana. Kumbe mwenzake anamwomba wasimame pamoja dhidi ya mnyama, kama watu wawili wa kwenye kisa chao walivyofanya wakawa marafiki.

Sehemu hii wasemaji wa Kiswahili tunaielewa haraka kuliko wengi. Mtu akikwambia "sizitaki mbichi hizi" na wewe hujui kisa cha sungura, utaanza kutafuta matunda. Jirani akipita na kanga yenye maneno fulani, mtaa mzima umeshaelewa kasemwa nani, na mgeni mwenye kamusi yake hajaambulia kitu. Nimewaonyesha wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza, wakakaa kimya hadi mwisho.

kijana_wa_posta
Au mpeleke Doctor Who, mkuu. Ni ya Uingereza, ya tangu 1963. Anzia 2005 waliporudi hewani. Hivi karibuni Doctor, mhusika mkuu, aliigizwa na Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Kigali.

Kamanda_Kurasini
Kijana, mtoto ameomba alichoangalia mama yake.

kijana_wa_posta
Kweli kabisa. Samahani mkuu.

dada_Tabora
Kaka, wengine watakutajia Deep Space Nine, Star Trek nyingine, na kwangu ndiyo bora kuliko zote. Nahodha Sisko ni baba anayelea kijana wake peke yake, na yule baba na mtoto wanapendana waziwazi. Lakini ujue sehemu ya kwanza inaanza na mama wa mtoto kufia kwenye chombo kinachoungua. Usimwache binti akutane na hilo bila kumwandaa.

Na wewe pia ujiandae. Sisko anakutana na viumbe wasiojua wakati ni nini. Wakizungumza naye, mara kwa mara anajikuta amerudi mle chomboni, na wao wanamwambia kwamba ndipo anapoishi. Nililia, na mimi sijafiwa na mume.

mtazama_anga
Wakuu, narudi kuwapa mrejesho baada ya wiki mbili.

Dada mamaNyota, habari za Uhura nilimsimulia tukila. Akaomba mwenyewe turudie ile aliyosinzia.

Ticha, "Darmok" tumeiona mara tatu. Sasa nyumbani tunaongea Kitamaria. Nikimwekea kipande kikubwa cha samaki anasema, "Temba, mikono yake wazi." Alhamisi alirudi na mtihani wa hisabati, akaulaza mezani kifudifudi, akasema, "Shaka, kuta zilipoanguka." Sikuuliza alama. Nikavuta kiti tukaanza kurudia maswali pamoja.

Dada wa Tabora, maneno yako niliyasoma usiku sikulala. Ile ya Sisko nimeipakua, iko kwenye fleshi. Nimemweleza binti inavyoanza, sikumficha. Akafikiri kidogo, akasema tuiangalie Jumapili, tukirudi kutoka kaburini kwa mama.