Ushauri: tunataka kufunga kijito na digi ya udongo kwetu Walungu, lakini chini kuko nyumba za batu

mutoto_wa_Walungu
Jambo kwenu bote. Mi naishi Kadutu, mu Bukavu, lakini kwetu ni Walungu, mu Kivu ya Kusini, mama angali kule. Kuko kijito yenye inatoka mu mulima, wakati ya jua unaivuka bila kuvula viatu, lakini mvua zikianza mwezi wa 9 ikipiga saa moja tu kule juu, maji inashuka na nguvu, inalala juu ya maharage na viazi siku mbili tatu na inaacha muchanga. Mwaka huu imefika mupaka ku mulango ya jiko ya mama. Sasa jamaa wameamua tuifunge na digi ya udongo, ni kusema ukuta ya kuzuia maji, pale bonde inakuwa nyembamba, meta kama 20, kimo meta 4. Batu ya salongo (kazi ya pamoja bila malipo) tuko nabo, majembe iko, feza ya simenti njo hakuna. Baba mudogo anasema tukisha funga tuweke na tilapia mule ndani, na tiyo moja ya kutoa maji ya shamba. Mi naogopa ju chini kuko nyumba 12 na njia ya batoto ya masomo. Mwenye alisha fanya hii kazi aniambie.

fundi_udongo
Ndugu, uoga yako iko na maana. Usianze kufikiri ukuta, anza na njia ya maji ya kuzidi. Digi ya udongo inabeba maji yenye iko nyuma yake, haibebi maji yenye inapita juu yake. Ikisha pita juu inakwangula udongo wa upande wa chini, shimo inapanda, na ukuta mwenye mulijenga miezi miwili inaenda mu muda mufupi na maji yote inashuka mara moja. Hiyo njia muichimbe ku kando, mu udongo wa asili haukuguswa, hapana juu ya udongo mwenye mumemwaga, ikuwe pana, mupande majani ao mupange mawe. Na kichwa ya digi ibakie meta 1 juu ya ile njia. Sasa niambie, mulima yenye inaleta maji ni hekitari ngapi?

mama_Kalehe
Mwana wangu, mi ni wa Kalehe. Siku ya ine tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa siku ya soko Nyamukubi, mvua ikanyesha, mito ikashuka na mawe makubwa, Bushushu na Nyamukubi tukapoteza batu zaidi ya 400, na wengine mupaka leo hatujabaona. Pale hakukuwa digi, ilikuwa mito tu na milima yenye haina tena miti. Kwa hiyo mutu akiniambia anataka kuweka maji juu ya nyumba za bengine, nauliza kwanza: wale 12 mumebaita? Si kubaambia tu, kubaita bakae, baseme. Na mupite kwa shefu na ku serevisi ya serikali, maji kuko na sheria yake inchini kwetu tangu 31 Desemba 2015.

mutoto_wa_Walungu
Aksanti mama, na pole sana. Kusema ukweli hatujabaita. Mulima ni kama hekitari 60, nusu ni mashamba ya muhogo, miti ni kidogo.

hesabu_ya_mvua
Tupige hesabu basi. Mvua ya milimeta 50 juu ya hekitari moja ni meta kibe (mita za ujazo) 500. Hekitari 60 ni 30.000. Tuseme nusu inaingia mu udongo, inabakia 15.000 yenye inashuka. Sasa bwawa yenu: upana 20, maji ikifika kimo ya meta 3, irudi nyuma meta 60, unazidisha yote unagawanya na 6 ju bonde iko sawa herufi V. Unapata 600. Yaani mvua moja tu ya nguvu inajaza bwawa kabla haijaisha. Halafu samaki! Bwawa ya samaki inataka kujaa kila siku, bwawa ya kuzuia maji inataka kukaa wazi ingojee mvua. Moja haiwezi kufanya kazi ya zote mbili.

fundi_udongo
Njo hapo. Ukuta ya meta 4 mikononi bila enjenyeri mi sikushauri hata kidogo. Kama mutabakia na kadigi kadogo ya meta 1 na nusu ya kupunguza mbio ya maji, mutoe kwanza majani na udongo mweusi wote, muchimbe mufereji chini ya ukuta mupaka mu udongo ngumu. Udongo uwe na unyevu, ukifinyanga kama soseji hauvunjiki, mumwage sentimeta 15 tu mushindilie, ingine 15 mushindilie, hapana kumwaga kamyo nzima halafu batu bakanyage juu. Upande wa maji mulalishe moja kwa tatu, ni kusema kila meta 1 ya kimo ilale meta 3. Tiyo ya baba mudogo njo inaniogopesha zaidi, maji inafuata pembeni ya tiyo polepole, inabeba udongo, haumuone mupaka siku digi inatoboka. Na eukaliptusi kamwe juu yake, mizizi ikikufa inaacha matundu. Kazi yote iishe kati ya Juni na Agosti.

ajironomi_Bagira
Mi ningeanzia juu. Mitaro ya kuzuia udongo, inalala sawa na mulima haishuki, nusu meta kwa nusu meta. Kila meta inashika robo ya meta kibe, kwa hiyo kilometa moja ni 250. Ni kazi ya miaka lakini ikipasuka moja haiue mutu. Ku mupaka ya juu mupande majani ya tripsakumu ao setaria, ngombe na mbuzi zinakula. Ila pale mulima iko na nyufa ao udongo ulisha shuka zamani, usichimbe, maji ikiingia mule mulima yote inaweza kuteremuka.

mutoto_wa_Walungu
Nimemupigia baba mudogo, alikasirika kidogo halafu akakubali. Samaki ataenda mu shimo ya pembeni, hapana ku kijito. Ile ukuta ya meta 4 tumeacha. Siku ya posho tunakutana na zile familia 12. Swali ya mwisho: mutaro tutajuaje kama imelala sawa?

fundi_udongo
Nunua tiyo ya plastiki yenye unaona ndani, meta 10, ujaze maji bila povu. Funga kila muisho ku kijiti yenye iko na alama za sentimeta, vyote sawa. Mutu mumoja anasimama, mungine anatembea mulimani mupaka maji ikuwe ku alama moja pande zote mbili. Pale weka kijiti, endelea.